Wageni wa Meli Kubwa na Maswali Yao

Wengi wenu mmetuuliza, kwa midomo na kwa barua, habari za safari yetu ya Unguja, na hasa habari za ile meli kubwa ya watalii, ambayo watoto wetu wameisimulia shuleni hata imezidi kuwa kubwa kuliko ilivyo. Basi twaona yafaa kuandika yote mahali pamoja, ili nyumba zinazokusudia kusafiri zipate faida. Tulikuwa watu kumi na mmoja: walimu sita, kina mama watatu na wazee wawili. Mmoja wa wazee hao ni Mndamba aliyevusha watu kwa mtumbwi tangu ujana wake, naye ndiye aliyetufaa kuliko wote, kama mtakavyoona.

Mtu wa Mchombe asidhani kwamba bahari ni jambo lisilomhusu. Maji ya mto Mngeta, yashukayo kutoka milima ya Udzungwa, huingia Kilombero. Kilombero nao hukutana na Luwegu penye maporomoko ya Shuguli, na hapo mto hupata jina jipya, huitwa Rufiji. Siku hizi maji hayo hupumzika kwanza nyuma ya bwawa la Julius Nyerere, huzungusha mitambo ya umeme, kisha huenda zake hata kwenye matawi ya mto yanayoikabili Mafia. Katika matawi hayo ndimo manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilimojificha mwaka 1914, ikaharibiwa na Waingereza mwezi wa Julai 1915. Mzee wetu alipoelezwa hayo akacheka, akasema, kumbe Wadachi walielea juu ya maji ya Wandamba miezi yote ile, wala hawakulipa ushuru wa kivuko.

Safari ya nchi kavu hatutaisimulia, maana nyote mwaijua barabara ya Ifakara na vumbi lake. Tulisafiri mwezi wa Januari, kabla ya mvua kubwa, wakati upepo wa kaskazi uvumapo. Kutoka Dar es Salaam tulipanda boti ya mwendo kasi, nayo ilitufikisha Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Ziko njia za kupunguza kichefuchefu, nazo ni hizi: mtu asipande na tumbo tupu wala tumbo lililojaa mno, ale kitu kikavu, kama mkate au kipande cha muhogo, aketi katikati ya chombo, si mbele ambako chombo huruka sana, atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, wala asisome kitabu. Kutafuna tangawizi husaidia wengi. Mama mmoja katika sisi alisoma Zaburi zake njia nzima asidhurike, lakini hatumweki kuwa mfano.

Tulipokaribia bandari ya Malindi tukaiona ile meli. Ilikuwa imetia nanga mbali kidogo, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, hata mmoja wetu akadhani ni majengo ya mji. Meli za namna hii huchukua watu elfu mbili na zaidi, mbali na mabaharia, wapishi na wafuaji wanaofikia elfu moja. Fikirini kijiji kizima cha bonde letu, pamoja na shule, zahanati na soko lake, kikiondoka usiku mmoja na kuamkia nchi nyingine. Mojawapo ya meli zilizowahi kuzungukia pwani zetu, iitwayo Norwegian Dawn, ina urefu wa karibu mita 294, nayo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 2002, katika karakana ya Meyer. Jambo la kupendeza ni kwamba karakana hiyo hiyo ndiyo iliyoiunda Liemba yetu ya ziwa Tanganyika mwaka 1913. Ile ililetwa vipande vipande ndani ya masanduku kiasi cha elfu tano, ikaungwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Sisi twaona Liemba ina sifa kubwa zaidi, ingawa haina bwawa la kuogelea juu ya paa.

Meli kubwa zikitia nanga hivyo, abiria huletwa pwani kwa mashua za meli. Basi asubuhi ile Forodhani ilijaa wageni, wengi wao wazee wenye nywele nyeupe, kofia pana na viatu vyepesi. Kwa kuwa walimu wetu wawili wajua Kiingereza vizuri, na kwa kuwa tulikuwa wageni kama wao, tulizungumza nao sana. Walidhani sisi ni wenyeji wa mji. Tulipowaambia kwamba tumetoka bara, mahali pa mpunga na viboko, ndipo walipofungua mioyo, maana mgeni humwuliza mgeni mwenzake bila haya.

Maswali yao mengi hayakuwa ya mambo makubwa. Waliuliza kama maji ya bomba hunyweka, kama samaki wa jioni wanaochomwa pale bustanini ni salama, kama wabadilishe fedha au dola zao zinatosha. Waliuliza ni umbali gani kwa miguu hata Mkunazini, na kama mama aliyevaa suruali fupi atachukiza watu. Hilo la nguo tuliwajibu bila kuficha: mji huu ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa, na mtu afunikaye mabega na magoti hupokelewa kwa heshima zaidi, awe mgeni wa Ulaya au mgeni wa Mchombe. Bibi mmoja alishukuru, akanunua kanga palepale, akamwomba mama wa kwetu amfunge. Kuhusu fedha, yafaa wawe na shilingi ndogo ndogo, kwa kuwa mwuza madafu hana chenji ya noti kubwa ya kigeni, na noti za dola zilizochakaa au za miaka ya zamani mara nyingi hukataliwa. Kuhusu mifuko ya plastiki walikuwa wamekwisha kuonywa melini, kwa sababu Tanzania bara iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia. Walifurahi kuona vikapu vya ukindu.

Swali lililoleta shida kweli lilikuwa la saa. Mgeni huanza kuhesabu saa zake tangu usiku wa manane, nasi twahesabu tangu jua kuchomoza. Saa nne yetu ya asubuhi kwao ni saa kumi, na saa kumi yetu ya jioni kwao ni saa nne. Mzee mmoja Mwingereza alikuwa amepatana na dereva wa teksi amrudishe gatini saa nne na nusu. Alimwambia kwa Kiingereza, dereva akaelewa kwa Kiswahili. Mwalimu wetu aliposikia mapatano yale akawauliza wote wawili waonyeshe kwa kidole juu ya uso wa saa, ndipo ikaonekana kwamba mmoja alikusudia jioni, na mwingine alijiandaa kuja usiku, baada ya chakula. Walicheka sana, lakini si jambo la kucheka. Meli haimngoji mtu. Mwezi wa Machi mwaka 2024 wasafiri wanane wa hiyo Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka matembezini katika kisiwa cha São Tomé, nahodha akang'oa nanga, nao wakalazimika kupita nchi baada ya nchi hata wakaipata tena Dakar, Senegal. Kwa hiyo twawashauri vijana wanaotaka kazi ya kuongoza wageni wajifunze jambo hili kabla ya kujifunza majina ya masultani: kila saa itajwe mara mbili, kwa hesabu yao na kwa hesabu yetu, kisha iandikwe.

Waliuliza pia habari za watoto. Je, wawape fedha watoto wanaowafuata? Hapa kina mama wetu walijibu upesi kuliko walimu, wakasema la. Mtoto apatae shilingi kwa kunyoosha mkono saa ya masomo hujifunza kwamba shule haina faida. Anunue kitu dukani kwa baba yake, au atoe mchango mahali penye daftari na mhasibu. Na kupiga picha? Waombe kwanza. Mama wa Kimarekani alisema kwamba melini walifundishwa hivyo, lakini wenzake husahau wakiona mlango mzuri na bibi kizee ameketi mbele yake.

Tuliwauliza na sisi wameonaje. Majibu yao yalitofautiana sana. Wengine walisifu harufu ya karafuu na vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2000. Wengine walisikitika kukuta Beit el Ajaib imezungushiwa mabati. Jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na sehemu yake ilianguka siku ya Krismasi 2020, watu wawili wakafa. Wengine walikwenda Changuu kuwatazama kobe wakubwa, ambao asili yao ni Shelisheli, wakarudi hawana habari nyingine ila kobe. Lakini karibu wote walisema neno moja, kwamba muda ni mfupi mno. Walikuwa na saa saba, na katika hizo moja ilikwisha katika kungoja mashua. Mzee mmoja alituambia kwamba katika siku kumi na nne ameona bandari sita, naye hawezi tena kukumbuka ni katika ipi alikonunua kofia. Twadhani alikuwa akisema kweli kuliko alivyokusudia. Hata hivyo hatuwezi kuwacheka, kwa kuwa na sisi tulikaa Unguja siku tatu tu, na mambo mengi ya shamba na ya Pemba hatukuyaona.

Mkunazini tulikwenda pamoja na kundi lao. Soko la watumwa lilifungwa mwezi wa Juni mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa lile likawekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Askofu Steere, yule aliyekifanyia Kiswahili kazi kubwa ya sarufi na tafsiri, alizikwa mle mwaka 1882, nyuma ya altare. Upo msalaba wa mti uliotoka Chitambo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa. Nje ipo sanamu ya saruji, watu watano wamesimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni. Wageni waliokuwa wakicheka njiani wakanyamaza. Kijana mmoja akauliza kama watu wa kwetu nao waliletwa hapa. Tukamjibu kwamba misafara mingi ya watumwa ilitoka upande wa ziwa Nyasa ikashukia Kilwa, na kutoka Kilwa wengi wakaletwa Unguja kwa majahazi, wamelazwa kwa kubanana kama samaki wakavu. Hao nao walikuwa abiria wa bahari hii. Hakuna aliyewauliza kama wanaumwa na kichefuchefu. Yule kijana hakuuliza tena, wala sisi hatukuendelea.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike barua hii ndefu. Mzee wetu Mndamba hakujali sana habari za kobe wala za saa. Alikwenda gatini akaketi karibu na mashua za meli, akazikagua kwa macho. Kisha akamwomba mwalimu amwulize baharia mmoja, Mfilipino, swali hili: "Chombo chenu kikipinduka, watu hawa wazee watafanya nini?"

Baharia hakuchukizwa. Alieleza kwamba kila abiria, awe tajiri au mzee asiyeweza kutembea upesi, hupewa mafunzo kabla meli haijaondoka bandari ya kwanza. Huonyeshwa jaketi lake la kujiokolea na namna ya kulifunga, huonyeshwa mahali pa kukusanyika, na huambiwa ishara, yaani milio saba mifupi ya honi na mmoja mrefu. Majina huangaliwa, na asiyehudhuria hutafutwa. Twafahamu sheria hizi zilivyozaliwa. Titanic ilipozama mwaka 1912 ilikuwa na watu zaidi ya 2,200, na mashua zake zote zilikuwa na nafasi 1,178 tu. Mwaka 1914 mataifa yakaandika mapatano ya kwanza ya usalama wa maisha baharini. Na mwezi wa Januari mwaka 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba penye pwani ya Italia, wakafa watu 32. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo, nao hawakuwa wamefundishwa bado. Baada ya hapo sheria ikakazwa, mafunzo yafanyike kabla ya kuondoka au mara meli inapoondoka.

Mzee akasikiliza yote, kisha akauliza swali la pili: "Na watu wakizidi hesabu?" Baharia akajibu kwamba hawezi kuzidi hata mmoja, kwa maana kila apitaye ngazini kadi yake husomwa na mashine.

Njiani kurudi hatukuzungumza neno jingine. Msomaji ajue kwamba twayataja haya si kwa kuwalaumu mabaharia wa nchi yetu, ambao wengi ni hodari kabisa. Lakini MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa watu zaidi ya 800. Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011, imejaa kupita kiasi, wakafa mamia kwa mamia. Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 2012. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Kivuko hicho kilikuwa na nafasi ya watu 101, na waliokufa peke yao ni 228. Nasi wa bondeni tusijione tu mbali: Januari 2016 kivuko cha Kilombero kilipinduka pale Kivukoni, Ifakara. Tangu mwaka 2018 liko daraja, nasi twashukuru, lakini daraja laufaa mto mahali pamoja tu. Kuanzia Machi hata Mei bonde letu lote ni maji, na mama anayekwenda kulinda mpunga wake huvuka kwa mtumbwi, pamoja na mtoto mgongoni, dumu la mafuta, kuku, na jirani wawili waliomwomba nafasi.

Mzee wetu asema kwamba zamani mvushi aliyejiheshimu hakukubali mtumbwi ushuke zaidi ya kiganja kimoja kutoka ukingoni hata majini. Siku hizi, asema, nauli ya mtu mmoja zaidi humfanya mvushi asitazame kiganja. Tuliporudi alipiga mstari wa rangi nyeupe ubavuni mwa mtumbwi wake, ndani na nje, na maji yakigusa mstari humshusha mtu wa mwisho kupanda, hata akiwa ni mwalimu. Amemshusha mmoja tayari. Wavushi wengine wawili wamepiga mistari yao, na wa tatu asema kwamba biashara yake itaharibika. Huyo hatujamshinda.

Majaketi ya kujiokolea ni ghali, nasi hatuna ya kutosha kila mtumbwi. Katika mkutano wa wazazi tuliamua kuanza na ya watoto wa shule wanaovuka, na fedha zimeanza kukusanywa baada ya mavuno ya mahindi. Kwa sasa kila mtumbwi uchukuao watoto hubeba madumu matupu ya lita 20, yamefungwa vifuniko barabara na kufungwa kamba ya kushikia. Dumu la namna hiyo humwelesha mtu mzima akilikumbatia. Si badala ya jaketi, kwa kuwa aliyezimia hawezi kulishika. Lakini ni bora kuliko mikono mitupu. Na watoto wa darasa la tatu wamefundishwa ile milio saba na mmoja, kwa filimbi ya mwalimu wa michezo. Huifanya kama mchezo. Kina mama wamelalamika kwamba huipiga hata usiku.

Yamebaki maswali machache ya wasomaji. Ndiyo, mwananchi akivuka kwenda Unguja achukue kitambulisho chake, kwa kuwa huulizwa anaponunua tiketi. Tiketi inunuliwe dirishani mwa ofisi, si kwa kijana anayekimbia pembeni mwa basi. Mizigo iandikwe jina. Nauli hatuziandiki hapa, maana hubadilika. Mwenye kusafiri aulize bandarini. Ndiyo, ubwabwa wa Unguja ni mtamu, lakini mchele ule tuliokula siku ya pili mwenye hoteli alikiri kwamba umetoka Kilombero.

Na mzee wetu ameomba msomaji yeyote aliye pwani amjibu swali moja. Aliona ngalawa za Unguja, zilizochongwa katika mti wa mwembe, zenye miti miwili ya kando inayozizuia zisipinduke. Ataka kujua miti hiyo hufungwa kwa kamba gani, na kama ipo njia ya kuifupisha ili isinaswe na matete. Amekwisha kuchagua mwembe.